Nondo wa Rawda na Mazulia ya Ishaq

Rawda, mke wangu, alikufa mwezi wa Rajabu, hapa Mombasa. Waliokuja kunipa pole walikaa wakanywa kahawa, kisha mmoja akataja nondo, na kilio kikaharibika. Watu walicheka mpaka wakafuta macho. Sikuwakataza. Nilicheka nao, kisha nikatoka nje kidogo.

Kwetu ni Chula, kisiwa cha Wabajuni kusini ya Kismayo. Mimi nilikuwa mvuvi. Rawda kazi yake ilikuwa kufukiza nguo. Mtu akiwa na arusi, au nguo za Idi, au shali la sufu aliloletewa kutoka Uarabuni, alimpelekea yeye. Alifunika chetezo kwa tenga, akatia udi na ubani, akatandaza nguo juu ya tenga, moshi ukapita kila uzi. Nguo ikitoka kwake ilinukia, na nondo hakuisogelea mwaka mzima.

Nondo kila mtu amewaona. Ni wadudu wadogo wa rangi ya vumbi, wanaruka kama waliolewa, ukimgusa mmoja anakuachia unga kidoleni. Kwangu mimi nondo alikuwa nondo. Kwa Rawda ulikuwa ukoo mzima, na kila mmoja alimpa jina la mtu wa Chula.

Yule mwenye rangi ya dhahabu, anayekula sufu polepole na haonekani, alimwita Fakihi. Fakihi alikuwa jirani yetu. Karamu haikumpita, na hapana aliyewahi kumwona akiingia. Wa pili kiwavi chake hujifumia kifuko, akatembea nacho mgongoni popote aendako. Hula manyoya ya kuku, akikosa manyoya hula sufu. Huyo alikuwa Badi, kwa sababu Badi, fundi wa mashua, alihama nyumba mara tatu kumkimbia mama mkwe. Wa tatu alikaa katika magofu ya msikiti wa kale, akila mavi ya popo, na nguo hakuigusa hata umlazimishe. Huyo alimwita Sheikhan, kwa mzee mmoja mcha Mungu aliyependa kukaa peke yake makaburini.

"Na mimi ni yupi?" nilimuuliza siku moja.

"Wewe bado sijajua unakula nini," alisema. "Ukipikiwa hiki unataka kile."

Wenye majina walijua. Badi akipita mlangoni alisimama akauliza, "Mama Wafaa, leo nimetoboa nguo ya nani?" Rawda akamtajia mtu, na Badi akaenda zake kumwomba radhi mwenye nguo.

Vita vilipofika Kismayo, watu wa bunduki walivuka mpaka visiwani. Waliokuja kwetu, mwanzo wa mwaka wa tisini na mbili, walikuwa kumi na wawili. Mkubwa wao aliitwa Ishaq. Alikuwa mtu wa bara, hajui kuogelea, lakini alijua mtu wa kisiwa hukimbia kwa njia gani. Siku ya kwanza alichukua mashine zote za mashua. Siku ya pili alichukua matanga. Akayarundika katika chumba chetu kikubwa, sisi akatusukuma chumba cha uani. Mashua zikabaki pwani, kuku wakatagia ndani.

Baadaye akaleta mazulia kumi kutoka Kismayo. Sufu nzito, nyekundu na buluu. Manane ya nyumba za watu, mawili ya msikiti. Akayaweka mlemle na matanga, yamekunjwa, na mlangoni akamweka Abdalla. Abdalla alikuwa mtu mnene wa makamo, zamani akiuza ngamia. Bunduki aliishika kama mwavuli.

Kisha Ishaq akamwona Wafaa, binti yetu, mwenye miaka kumi na tisa. Alinijia uani akasema kwa Kisomali, "Mzee, mwezi ukiandama namwoa binti yako."

"Binti hajaulizwa," nilisema.

"Hata wewe sijakuuliza," alisema.

Mwezi ndio kwanza ulikuwa na siku tatu. Nilimwambia Rawda. Sikujua nimwambie vipi, nikamwambia vivyo hivyo. Alikuwa akichambua mchele. Aliendelea kuchambua.

"Yale mazulia," alisema, "yamekunjwa au yametandazwa?"

"Yamekunjwa."

"Vizuri. Hapa tutatoka kwa tanga letu wenyewe, na atatupa yeye kwa mkono wake. Nenda magofuni kaniletee Sheikhan, kopo zima, na viwavi vyake."

"Wa kufanya nini?"

"Mchu yule, mtu wa bara, akiona nondo ataona nondo tu. Hamjui Fakihi wala Sheikhan. Atapagawa, na zulia halitapata hata alama. Yale si yake, Mukhtari. Iko siku wenyewe watayatafuta."

Nilikwenda magofuni baada ya alasiri, jua bado kali. Nilisimama nje. Watu wa Chula tangu zamani wanasema pale pana mwenyewe, na huyo mwenyewe hapendi kusumbuliwa. Nilipiga hodi. Ndani kitu kikapapatika. Nikaona si adabu kuingia.

Njiani kurudi nilipita banda la kuku la Ummi, dada yake Badi. Chini ya viota manyoya yamejaa, na ndani ya manyoya nondo kama pumba. Viwavi vilevile, unga uleule. Nilijaza kopo la maziwa, nikafunika kwa kitambaa, nikampa Rawda.

"Umefika magofuni?"

"Nimefika," nilisema. Nilifika kweli.

Abdalla alimruhusu kufagia chumba kikubwa kila asubuhi. Asubuhi ile aliingia na ufagio, na kopo chini ya shuka, akalimimina katika mikunjo ya mazulia. Alipotoka alimpa Abdalla mkate wa samli. "Ahsante, edo," alisema Abdalla, maana yake shangazi kwa kwao. Tangu siku hiyo akawa akimsogezea mlango mwenyewe.

Tukangoja. Wiki moja haikuwa na kitu. Ya pili haikuwa na kitu. Wafaa aliacha kula vizuri. Mimi kila jioni nilitazama mwezi ukinona, kisha ukikonda. Rawda alifagia.

Zilipobaki siku nne Ishaq alipata mgeni, akaamuru zulia litandazwe wakae. Wakakaa. Nondo akaingia katika chai ya mgeni. Wa pili akamwingia Ishaq puani. Ishaq akalivuta zulia, akapitisha kidole gumba upande huu kikatokea upande wa pili.

Tuliitwa. Rawda aliinama, akaokota kiwavi, akakiweka kiganjani. Kilitembea, na kifuko chake mgongoni. Akanitazama.

"Sheikhan amejenga," alisema kwa Kibajuni, taratibu.

Nilitazama dari.

"Umewatoa wapi?"

"Magofuni."

"Magofuni panafugwa kuku?"

"Kwa Ummi," nilisema.

Alinifinya mkono chini ya buibui lake. Alama ile ilinikaa wiki nzima.

"Mnasema nini?" akauliza Ishaq.

"Namwambia mume wangu nimeogopa," alisema Rawda kwa Kisomali.

"Huyu ni mdudu gani?"

"Huyu ni Badi. Afadhali angekuja mwingine yeyote."

Mgeni alijikung'uta, akaondoka bila kumaliza chai. Ishaq aliona haya, na mtu wa namna ile akiona haya humtafuta wa kumlipia. Akaweka bunduki juu ya goti.

"Wewe ndiye mwenye dawa ya nondo kisiwani. Nimeambiwa. Na wewe ndiye unayefagia humu."

Rawda alikaa chini, kama aliyekuja kwa mazungumzo.

"Mimi nafagia sakafu, baba. Sikuambiwa niguse mali yako. Ungeniuliza siku ya kwanza ningekwambia, zulia la sufu halikai Chula limekunjwa. Sasa ameshazaa."

"Fukiza basi."

"Udi unamzuia aliye nje. Aliye ndani unamnukisha tu. Huyu dawa yake ni jua, chumvi na fimbo, siku tatu, mahali pasipo na kuku wala nyumba. Kile kijisiwa kitupu cha upande wa kusini kinafaa."

Ishaq alifikiri. "Nitawapa mashine na mtu wangu mmoja."

Nilidhani tumepata. Rawda akatikisa kichwa.

"Mashine inatoa moshi wa mafuta. Sufu ikinywa moshi ule hailali mtu juu yake tena. Nipe tanga la mashua yetu, lile bovu. Hata mimi silipendi."

Petroli waliyokuwa nayo isingetufikisha popote. Yeye alishaipigia hesabu. Mimi nilikuja kuelewa baadaye, tukiwa baharini.

"Tanga, na Abdalla na bunduki yake," alisema Ishaq. "Na binti abaki."

"Abaki," alisema Rawda, upesi kabisa. "Si bibi arusi wako? Ila zile doti za kanga ulizomletea zimelala chumba kimoja na Badi. Nazo lazima zipigwe. Na kwetu nguo ya arusi haipigwi na mwingine ila bibi arusi mwenyewe. Akipiga mwingine, mume hufanya vipele."

Mila hiyo sikuwahi kuisikia maishani mwangu. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeona vipele vingi.

Ishaq alijikuna shingo. Alijikuna tena. Nondo wawili walipita mbele ya uso wake. "Mchukueni," alisema. "Jumatano mwende, Jumamosi mrudi."

Jumatano asubuhi tulipakia. Tulikuwa mimi, Rawda, Wafaa, na Badi na mkewe wa kusaidia kupiga mazulia. Badi alipoambiwa sababu ya safari alisema, "Kwa hivyo nimetoboa zulia la mkubwa," akaruka ndani wa kwanza. Abdalla aliingia wa mwisho. Rawda alikuwa amemlisha mikate sita ya samli na bakuli la tui. Kabla hatujapita mwamba wa kwanza alikuwa ameinama ubavuni, bunduki ameniachia mimi nimshikie.

"Edo," alisema, "bahari hii haisimami?"

"Husimama, baba. Mwezi wa nne, siku mbili tatu."

Tulipofika kijisiwani alishuka kwa magoti. Nilimrudishia bunduki yake. Mazulia tuliyapiga kweli, yote kumi, na viwavi vikamwagika mchangani na vifuko vyao. Rawda hakutaka tuache hata moja. Wafaa alipiga zile doti mpaka fimbo ikavunjika. Tukayatandaza juani juu ya vichaka, yale mawili ya msikiti Rawda akayaweka kivulini, Abdalla akakaa juu ya moja. Rawda akamwekea mtungi wa maji, tende, samaki wa kukaanga na chupa ya chai.

Kisha tukaanza kuingia mashuani, mmoja mmoja. Wafaa alibeba bonge la nguo zake. Doti za arusi aliziacha juu ya kichaka.

"Mnakwenda wapi?" akauliza Abdalla.

"Kuteka maji," alisema Rawda.

Abdalla alitazama mtungi. "Huu umejaa, edo."

"Naona."

Tulisimama. Bunduki ilikuwa mapajani pake, na hakuwa mbali. Alimtazama Wafaa, akatazama tanga, akanitazama mimi. Badi alishika makamba hakuyavuta. Wafaa alisimama maji yakimfika magotini, mguu mmoja ndani ya mashua, mmoja nje.

"Nikiwaamuru mrudi Chula," alisema Abdalla, "na mimi nitapanda?"

"Utapanda," alisema Rawda. "Na sasa upepo tutakwenda nao uso kwa uso. Itakuwa mbaya kuliko asubuhi."

Abdalla alitazama bahari muda mrefu. Akaweka bunduki kando, akalala chali juu ya zulia, akajifunika uso kwa kilemba.

"Sijawaona," alisema chini ya kilemba.

"Ishaq atakuuliza."

"Nitamwambia mmeliwa na nondo."

Tukapandisha tanga. Lilikuwa na viraka vinne, likavuta. Rawda alikaa amekipa kijisiwa mgongo, hakugeuka. Abdalla, tulisikia baadaye, wavuvi walimkuta siku ya tatu amenawiri. Walimfunga macho ndipo akakubali kupanda. Ishaq mwenyewe alifukuzwa Chula na watu wengine wa bunduki kabla ya mwaka kuisha. Mazulia sikujua yaliishia wapi. Rawda aliuliza habari zake mpaka mwisho, kila alipokuja mtu wa Kismayo.

Safari ile mimi nilishika usukani, na hapana aliyesema na mimi. Mpaka wa Kenya tulipouvuka Rawda alinisogelea, akanipa tende mbili, moja akaichukua tena. Hapo ndipo makosa yangu yote yalipokwisha.

Tulifika Kiunga kesho yake, adhuhuri. Askari wa Kenya alikuja pwani na daftari, akatazama mashua. Haikuwa na kitu ndani ila watu na bonge la nguo.

"Mama," akamuuliza Rawda, "mmekuja na nini?"

Rawda alimvuta Wafaa kwa mkono, akamsimamisha mbele yake.

"Huyu," alisema.