Kanda za Upande wa Wanawake

Dilshada aliishi ukuta kwa ukuta na sisi hapa mjini Mardan, kaskazini mwa Pakistan, katika kichochoro cha nyuma ya maghala ya tumbaku. Mume wake alirudi likizo kutoka Sharjah na kamera ya video begani, akarekodi mbuzi, akarekodi mama yake akikanda unga, akamrekodi Dilshada akijificha uso kwa aibu. Kisha akarudi kazini, jengo likamwangukia, na kilichorudi nyumbani kilikuwa sanduku. Kamera ikabaki kabatini. Dilshada alikuwa hajatimiza miaka mitatu ya ndoa.

Alijifundisha mwenyewe kuitumia. Huku kwetu mpiga picha mwanamume hakanyagi upande wa wanawake, kwa hiyo arusi zilikuwa na nusu tu ya kumbukumbu: wanaume wamekaa kwenye viti, wanakula wali, wanatazamana. Nusu ile nyingine, ambako bibi arusi analia na shangazi zake wanacheza mpaka shuka walizojitanda zinawadondoka, haikuwa na mtu wa kuinasa. Dilshada akaingia huko. Mwanzoni mama mkwe wake alinuna, lakini alipoona unga na mafuta vinaingia nyumbani bila kuomba kwa ndugu, akanyamaza.

Aliyemshikia taa alikuwa Farkhanda. Taa yenyewe ilikuwa nzito na ya moto kama tanuri, na Farkhanda alikuwa mwanamke wa mifupa mikubwa, mcheshi, anayejua kumchekesha bibi arusi aliyevimba macho. Walikwenda pamoja kila mahali, mmoja na kamera, mwingine na taa na furushi la nyaya. Watu walizoea kuwaita kwa pamoja, kama jina moja. Nyumbani kwa Dilshada Farkhanda hakubisha hodi.

Kabla ya kuwasha kamera Dilshada alikuwa na maneno yake. Alisimama katikati ya ukumbi, wanawake wote wakimtazama, akasema, "Haya wanangu, chezeni. Jicho hili halina mwanamume nyuma yake." Hapo ndipo mitandio ilipowekwa pembeni na mwanamke mmoja akaanza kupiga mtungi wa maji kama ngoma. Mimi mwenyewe niliyasikia maneno hayo siku ya arusi yangu, na naapa, mama yangu, ambaye sikuwahi kumwona akinyanyua mguu kwa ngoma, alicheza siku ile.

Familia ilipewa kaseti yao, iliyopunguzwa na kuwekewa nyimbo juu yake. Kanda halisi, ile ndogo ya kukaa kiganjani iliyotoka ndani ya kamera, ilibaki kwa Dilshada kwenye kasha la bati chini ya kitanda, na ufunguo shingoni mwake. Wanawake ndio waliotaka hivyo. Walisema nyumbani kaseti hupotea, au hukutwa na shemeji asiyehusika. Kwa Dilshada iko salama.

Simu zilipokuja, kazi ikaisha. Kila msichana akawa na kamera yake mfukoni. Dilshada hakulalamika sana. Akarudi kwenye kushona. Lakini baada ya mvua kubwa za mwaka mmoja alifungua lile kasha akakuta ukungu mweupe umeota kwenye kingo za kanda nyingi. Alinionyesha moja mlangoni kwangu, ameishika kama mtu aliyeshika kifaranga mgonjwa.

"Zinakufa," akasema. "Nani atawaambia wenyewe?"

Farkhanda ndiye aliyeleta dawa. Mke wa mwanawe alimfundisha kompyuta, naye akaipenda kuliko vijana wanavyoipenda. Akaja nayo chini ya shuka, akaiweka juu ya meza ya cherehani.

"Tunazihamisha, shoga yangu," akasema. "Tunaziingiza humu ndani. Humu hakuna ukungu."

"Na zikishaingia, nani anaziona?"

"Mimi na wewe. Halafu kila mmoja anapewa zake. Ulidhani nani, mkuu wa polisi?"

Wakacheka, kazi ikaanza. Kamera ileile ya marehemu ndiyo iliyochezesha kanda. Nyaya tatu, njano, nyeupe na nyekundu, zikaingia kwenye kisanduku kidogo, na kisanduku kikaingia kwenye kompyuta. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Kanda ya saa nzima inataka saa nzima, na mtu akae aitazame. Kanda zenye ukungu Dilshada alizifuta taratibu kwa kitambaa laini, akazizungusha mbele na nyuma mpaka zilegee, na kila baada ya moja akasafisha kichwa cha kamera, kile kinachosoma kanda, kwa pamba na spiriti. Umeme ulipokatika katikati walianza upya. Farkhanda alikaa kwenye kompyuta, akikata sehemu za zulia na miguu pale Dilshada aliposahau kuzima, akipanga arusi kwa majina.

Nilipita kwao mara nyingi mchana, kwa kisingizio cha kurudisha sahani. Tulikunywa chai ya kijani na kuwatazama wasichana ambao sasa ni bibi. Siku waliyoweka kanda yangu nilimwona mama yangu akicheza, naye alikuwa ameshazikwa. Dilshada alinipa kona ya mtandio wake nijifute. Farkhanda alisimamisha picha pale pale, mama amenyoosha mikono, akaniachia nitazame nilivyotaka. Siwezi kusema kwamba hakuwa na moyo. Ndiyo maana jambo lile lilituuma vile.

Musarrat alikuja asubuhi, kabla mkate haujatoka tanurini. Tulimfahamu tangu akiwa msichana. Aliolewa upande wa Takht Bhai kwenye nyumba ya watu wakali. Nilikuwa uani kwa Dilshada nikichambua mchicha. Musarrat hakusalimu. Alimshikisha Dilshada simu.

"Tazama," akasema. "Tazama ulichonifanyia."

Kwenye kioo cha simu alikuwa yeye mwenyewe, msichana wa miaka kumi na tisa kwenye arusi ya dada yake, nywele zimefunguka, anacheza amefumba macho. Chini yake wanaume wasiojulikana walikuwa wameandika maneno. Mengine yalikuwa ya kumsifu. Mengine siwezi kuyarudia.

"Binamu ya mume wangu ndiye aliyeiona kwanza, huko Dubai," Musarrat akasema. "Akaituma kwa kaka zake. Wakaipitisha mkono kwa mkono sebuleni, na mimi nawapelekea chai."

Dilshada alirudisha simu taratibu. "Mwanangu, hii imetoka kwenye kaseti ya kwenu. Kuna mtu kaiuza. Kwangu haikutoka. Wanaoshika kanda ni mimi na Farkhanda tu, na Farkhanda namjua kama nijuavyo mkono wangu."

"Ongeza sauti," Musarrat akasema.

Dilshada akaongeza. Na pale uani, kati ya kuku na mchicha, tukaisikia sauti yake mwenyewe ikiwa bado changa: Haya wanangu, chezeni. Jicho hili halina mwanamume nyuma yake.

Kaseti za familia hazikuwa na sauti ile. Zilifunikwa na nyimbo. Sauti ile ilikuwa kwenye kasha la bati peke yake.

Musarrat aliona uso wa Dilshada ukibadilika. Hakumtukana. Alichukua simu yake, akajifunika, akasema tu, "Nilikuamini kuliko dada yangu," akaondoka.

Dilshada hakulia. Aliniomba simu yangu, nikamtafutia ile chaneli mtandaoni. Ilikuwa na jina la kupendeza, kitu kama arusi za zamani za nyumbani, na video nyingi. Tukazitazama moja baada ya nyingine, tumekaa chini tumeegemea ukuta. Jirani zetu, binamu zetu, marehemu wetu. Kwenye video ya nne au ya tano akaishika mikono yangu.

"Rudisha nyuma," akasema. "Hapo. Umeona ilivyoruka?"

Mimi sikuona kitu. Mwanamke alikuwa anazunguka, kisha alikuwa anazunguka upande mwingine.

"Hapo kuna kioo cha kabati," akasema. "Nakumbuka chumba kile. Nilipogeuza kamera, Farkhanda alionekana kwenye kioo na taa yake. Amekata kipande hicho asionekane."

Tukarudi mwanzo, tukazitazama zote tena, safari hii tukimtafuta yeye. Kwenye kanda halisi Farkhanda yumo kila mahali. Anampangusa bibi arusi jasho, anaingia kucheza, anakula peremende za watu. Kwenye chaneli ile hakuwamo hata mara moja. Kila alipokaribia kuonekana, picha iliruka.

Nilifuatana naye mpaka kwa Farkhanda. Tulimkuta anakaanga vitunguu, akafurahi kutuona, akaagiza tuletewe chai. Dilshada alibaki amesimama.

"Musarrat alikuja kwangu," akasema.

Farkhanda akapunguza moto. Alijua palepale. "Nilitaka kukwambia," akasema. "Nilingoja ziwe nyingi kidogo. Dilshada, watu wanazipenda. Wanaandika kutoka Malaysia, kutoka Ujerumani, wanasema wamelia. Wanasema hatujawahi kuona uzuri kama huu. Kazi yetu ile, miaka yote ile, nani aliwahi kuisifu? Unataka ioze chini ya kitanda?"

"Nilitaka iwe ya wenyewe."

"Wenyewe ni bibi sasa. Nani atamtambua mtu baada ya miaka mingi hivyo?"

"Basi mbona wewe huonekani humo?"

Farkhanda akakoroga vitunguu.

"Nimekuuliza, dada. Kama hakuna atakayemtambua mtu, mbona umejitoa? Ulikaa pale mezani kwangu, ukatafuta uso wako kwenye kila kanda, ukautoa. Halafu ukauacha wa Musarrat."

"Mimi nina wakwe, Dilshada," Farkhanda akasema kwa sauti ndogo. "Nina mabinti walioolewa kwa watu."

"Na Musarrat ana nini?"

Vitunguu vilianza kuungua na hakuna aliyevigusa. Dilshada akanyoosha mkono. Farkhanda akaingia ndani, akarudi na kompyuta na kisanduku na nyaya zake zimesokotana, akamkabidhi. Tulipofika mlangoni akasema, "Nitaifuta ile chaneli leo hii. Dilshada, nisikilize. Nitaifuta." Dilshada aliendelea kutembea.

Aliifuta kweli. Lakini watu walikuwa wameshazichukua zile video, wakatumiana, wakaziweka kwenye chaneli nyingine zenye majina mabaya zaidi. Mpaka leo ukitafuta utazikuta.

Baada ya hapo Dilshada alifanya kitu ambacho mimi nisingekiweza. Alijaza kanda kwenye mfuko, akaanza kupita nyumba kwa nyumba kuzirudisha kwa wenyewe na kuwaambia kwa mdomo wake kilichotokea. Mara nyingine nilikwenda naye. Wapo waliopokea na kufunga mlango. Wapo waliojifanya hawapo, tukisikia viatu vyao ndani. Mwanamke mmoja aliichomoa kanda yote mbele yetu, utepe ukamwagika mapajani mwake na sakafuni, akaukata vipande kwa mkasi wa kukatia kucha za mtoto. Dilshada alimsubiri amalize.

Hajjah Zaitun, ambaye aliwaozesha mabinti watano mbele ya kamera ile, alituketisha na kutupa chai. Dilshada akamweleza kwamba si yeye, ni Farkhanda, kwamba yeye mwenyewe amesalitiwa.

"Najua," Hajjah akasema. "Lakini Farkhanda sikumfungulia mlango. Nilikufungulia wewe, yeye akaingia nyuma yako. Sasa nimwulize nani?"

Dilshada alimaliza chai yake, akaaga. Njiani alisema, "Amesema kweli."

Ilimkuta pia shukrani, na hiyo naona ndiyo iliyomuumiza zaidi. Msichana mmoja wa mtaa wa Sheikh Maltoon, ambaye mama yake alifariki akimzaa, alikuwa amemwona mama huyo kwa mara ya kwanza kwenye chaneli ya Farkhanda, anapiga mtungi na kucheka. Alimkumbatia Dilshada kwa nguvu. "Shangazi, kuna nyingine?" akauliza. "Hata sauti tu." Dilshada akampa kanda, akamwahidi kuihamisha yote, na akaihamisha. Lakini aliporudi alikaa kwenye ngazi akaniambia, "Anayenishukuru anashukuru wizi." Hapo ndipo nilipomwona akilia.

Musarrat hakurudi tena kwetu. Mume wake hakumwacha, lakini alimkataza arusi zote, hata ya mtoto wa dada yake, dada yule yule ambaye Musarrat alicheza arusini kwake siku ile. Dilshada alimpelekea kanda mbili, kila moja kwa siku yake. Mara zote mbili mama mkwe aliipokea mlangoni kwa ncha za vidole.

Mwaka huu Farkhanda aliozesha mjukuu. Kabla ya arusi nilikutana naye kwa muuza nguo, amekonda. Akanivuta pembeni.

"Nisaidie, mwanangu," akasema. "Mwambie Dilshada aje aturekodie upande wa wanawake. Wasichana hawa na simu zao, siwezi kumwamini hata mmoja. Dakika moja tu na mjukuu wangu yuko kila mahali. Yeye peke yake ndiye ninayemwamini."

Nilifikisha ujumbe kama ulivyo. Dilshada alikuwa anatunga uzi kwenye sindano ya cherehani. Akauliza, "Amesema hivyo? Ananiamini?" Nikasema ndiyo. Akalamba ncha ya uzi, akajaribu tena, uzi ukapita. Akakanyaga cherehani, nami nikarudi kwangu.

Siku ya arusi mtungi ulisikika mpaka kwetu. Dilshada alianua nguo zilizokauka, akazikunja moja moja, akaingia ndani na kufunga dirisha.