Takia Nililoishonea Kompyuta

Kompyuta ya mjukuu wangu ilishikwa na homa.

Msicheke. Niliigusa ubavuni, nikaondoa mkono mbio.

Nyie mnaocheza magemu kwenye mashine za kuungaunga, hii ni yenu.

Mjukuu wangu ni binti wa miaka kumi na saba. Kompyuta yake aliachiwa na shangazi yake, bawaba moja imekatika. Anachezea mezani, mimi pembeni nafuma.

Niliionea huruma kukaa kwenye mbao tupu. Nikaishonea takia. Sponji nene, maua pembeni.

"Asante Bibi, zuri sana!" akasema, akaiweka kompyuta juu yake.

Basi homa ikaanza.

Wakati huo alikuwa anawania nafasi kwenye timu ya magemu. Sharti lao moja tu: mashine ikizimika katikati ya mechi mara tatu, umetoka.

Yake ikazimika mara mbili.

Alijaribu kila kitu. Akapunguza ubora wa picha, akafunga programu asizotumia, akaondoa vivuli.

"Hao watu wako mbona hawana vivuli? Majini?"

"Watu, Bibi. Vivuli vinaichosha mashine."

"Na miti mbona kama miswaki?"

"Bibi, nisaidie kwa kunyamaza."

Tukaenda kwa fundi. Kwenye meza yake ikafanya kazi saa nzima bila hata kukohoa.

"Haina ugonjwa hii," akasema.

"Inakuogopa," nikamjibu.

Mjukuu wangu akatazama dari.

Asubuhi ya mechi ya mwisho nilikwenda kliniki. Daktari hakuja, nikarudi mapema.

Nikasukuma mlango. Dirisha wazi. Kompyuta imesimama juu ya vizibo vinne vya soda, gemu linateleza kama limepakwa mafuta.

Takia langu liko kitandani.

Aliponiona alishtuka kama mwizi. Mkono mmoja ukaendelea kucheza, mwingine ukanyakua takia na kulisukuma chini ya kompyuta.

"Shikamoo Bibi! Nilikuwa nalikung'uta tu."

"Marahaba."

Dakika chache, feni ikaanza kulia. Watu kwenye skrini wakawa wanatembea kama wamevaa magunia. Nikagusa takia: moto.

Nikainama nikachungulia. Matundu ya hewa yako chini. Nimeyaziba mimi, kwa maua.

"Kumbe ni mimi!"

"Si wewe, Bibi, ni joto la..."

"Inua!"

Akainua. Nikalichomoa, nikapanga vizibo mwenyewe. Feni ikashusha sauti kidogo kidogo.

Haikuzimika. Alishinda kwa chupuchupu.

Nikasubiri amalize kurukaruka.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu wiki ile ulipolileta."

"Na ukakubali kuzimikiwa mara mbili?"

"Ulikuwa umekaa hapo hapo, Bibi. Unalitazama huku unatabasamu."

Nikaenda jikoni kupika chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Wiki nzima nilikuwa namwombea mashine ipone, huku ugonjwa nimeushona kwa mkono wangu. Na yeye alikuwa radhi aikose timu kuliko kuniambia.

Sasa takia nalikalia mimi. Ni zuri kweli.

Wajukuu, mashine yako nyonge ipunguzie mzigo, na uiinue ipate hewa.

Na sisi bibi zenu, kabla ya kukitandikia kitu kwa mapenzi, tuulize kwanza kinapumulia wapi.