Sajini Mika na Amri ya Nyuma Geuka

Mimi ni fundi cherehani, na kazi hii ina faida moja ambayo watu wengi hawaijui: mtu anayepimwa husema. Akishainua mikono, utepe ukazunguka kifua chake, atakuambia mambo ambayo mke wake hajawahi kuyasikia. Nami tangu utotoni ni mtu wa kuuliza. Mama yangu kule Tukuyu alizoea kusema kwamba wenzangu walizaliwa wakilia, mimi nilizaliwa nikiuliza. Kuuliza si ujinga, ndivyo nilivyomjibu kila mara, naye alinipiga kofi kila mara.

Swali lililonisumbua kuliko yote lilinichukua miaka mitatu: Mika Kikoti alitutawala vipi? Hakuwa na bunduki wala mali. Alikuwa mlinzi wa ghala la kahawa hapa Mbeya, mtu mfupi kutoka Ilula, upande wa Iringa, aliyerudi kutoka vita ya Burma na tepe tatu za sajini, filimbi ya shaba na jozi moja ya viatu vizito. Nimepima wanaume wengi katika baraza hii ya duka la Harilal. Kwa utepe wangu, Mika alikuwa mtu mdogo.

Nianze na boma letu, maana bila hilo hamtanielewa. Boma ndilo jina tulilokipa chama chetu cha ngoma ya malipenga. Tulikuwa vibarua, wapishi, mafundi na wachimba dhahabu, kila mmoja mbali na kwao. Jumapili tulivaa kaptura nyeupe na soksi ndefu, tukajipanga uwanjani nyuma ya soko, tukapuliza vibuyu vyetu. Kibuyu cha malipenga hutobolewa tundu, na tundu hilo huzibwa kwa utando wa buibui, ndiyo maana sauti yake hutoka ikivuma namna ile. Tulikuwa na Kingi wetu, Kepteni wetu, Dokta na Masista. Ilikuwa serikali ya mchezo, na tulicheza kwelikweli.

Ila jambo moja halikuwa mchezo. Mtu wa boma akifa ugenini, boma ndilo lililomzika. Wanaume walichimba, wanawake walipika, na malipenga yalilia mpaka udongo ukawa sawa na ardhi. Asiye na boma alizikwa na watu wawili wenye haraka.

Kingi wetu alikuwa Mzee Bartholomeo, mpishi, mtu wa Kyela, mnene na mcheshi. Yeye ndiye aliyenifundisha kupuliza, na mkewe, Mama Damari, aliyeuza togwa pembeni mwa uwanja kila Jumapili, ndiye aliyenilisha nilipofika mjini sina hata sindano. Nilimpenda mzee yule. Lakini alikuwa na ila zake: nyama ya sherehe ilimfikia yeye kwanza, na alipoketi kwenye kiti chake cha Kingi, kuinuka ilikuwa kazi.

Ila hiyo ilituumbua mwaka 1952. Mwenzetu Marcelino alifukiwa na shimo la dhahabu huko Makongolosi, Chunya, katikati ya masika. Habari ilipofika, Kingi alitazama mawingu akasema, "Barabara imekufa. Tungoje ikauke kidogo." Tukangoja. Marcelino akazikwa bila hata lipenga moja. Wiki mbili baadaye mjane wake, Lusia, alisimama mbele yetu uwanjani, miguu imejaa tope la Chunya, akauliza, "Mume wangu aliwakosea nini?" Kingi aliangalia chini. Sote tuliangalia chini, lakini yeye ndiye aliyekuwa amekaa kitini.

Miezi ile Mika alikuwa ameanza kutufundisha kwata. Mguu sawa, mguu pande, kushoto geuka, kulia geuka. Mistari ikanyooka, tukapendeza, na Kingi mwenyewe ndiye aliyefurahi kuliko wote. Alitamba kwa watu wa maboma mengine kwamba wake ni jeshi.

Mwezi wa saba Harilal alitoka dukani na habari za redio. Alikuwa mtu wa kusikiliza redio kama wengine wanavyokula.

"Timotheo! Huko Misri wanajeshi kwisha fukuza mfalme. Amepanda meli yake, amekwenda."

"Sasa mfalme ni nani?"

"Maofisa ndiyo iko shika mambo."

"Mpaka lini?"

Harilal alikuna sikio. "Hiyo redio haikusema."

Mika alikuwa pale barazani akingoja kifungo chake. Aliinuka akaenda zake. Nilimuuliza miaka ya baadaye kama ni Misri iliyompa wazo, akanijibu, "Mimi Misri sijui. Mimi nilimwona yule mama na tope lake." Nafikiri alisema kweli, ingawa kifungo kile alikisahau mezani kwangu.

Jumapili moja ya mwezi wa nane, Kingi akiwa kitini na koti lake la vifungo vya dhahabu nililolishona mimi, Mika alipuliza filimbi.

"Boma! Mguu... sawa! Nyuma... geuka!"

Tukageuka. Naapa, kichwani mwangu hakukuwa na kitu. Miguu ilitangulia, na nilipopata akili nilikuwa natazama mlima Loleza, mgongo wangu ukiwa kwa mzee aliyenifundisha kupuliza. Mika akazunguka taratibu mpaka akawa mbele yetu.

"Nani Kingi wenu?" aliuliza.

Macho yetu yakabaki mlimani.

"Basi hatuna. Tutachagua mwingine baada ya mavuno."

Lusia alipiga kigelegele cha kwanza. Nilifurahi, sitaficha. Nilihisi tumefanya jambo la kiume. Nyuma yetu Mzee Bartholomeo alibeba kiti chake mwenyewe akaenda zake, na hakuna aliyegeuka kumtazama, maana hatukuwa tumeamriwa.

Na Mika alianza vizuri! Kabla mwezi haujaisha alitupakia kwenye lori mpaka Makongolosi. Tulipanga mistari kando ya kaburi la Marcelino lililokwisha kuota majani, tukalipigia tangu adhuhuri mpaka jua likapoa. Lusia alikaa chini akalia mpaka akacheka. Siku ile Mika angetuambia tutembee kwa miguu hadi Iringa, tungeuliza tu kama tuvae viatu.

Mavuno yakapita. Alikuja kupimwa koti jipya, akajaza kifua pumzi.

"Shusha pumzi, Sajini. Koti litakupwaya."

"Pima hivyohivyo."

Nikapima hivyohivyo. Toka hapo kila Jumapili ilimbidi atembee amevimba, la sivyo koti lilining'inia.

"Sajini," nikasema nikiwa na pini mdomoni, "mavuno tayari. Kingi mpya lini?"

"Timotheo, askari hawachagui mkubwa wao katikati ya safari."

"Safari inaishia wapi?"

"Hilo swali la raia," akasema, akanipa vipande vya kitambaa chekundu. "Nishonee tepe. Nataka makoplo sita."

Nikashona makoplo sita. Mwaka uliofuata wakawa kumi na mmoja, na Sajini-Meja juu yao. Hapo ndipo nilipoanza kupata jibu la swali langu, nalo lilitoka kwenye sindano yangu mwenyewe. Kila niliyemshonea tepe aliacha kuuliza habari za mavuno. Kitambaa cha inchi tatu tu! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi tulisifu huku tukinyoosha mikono tushonewe. Mimi mwenyewe nilikuwa Koplo. Nilijishonea.

Aliyechelewa uwanjani alisimama juani ameinua kibuyu juu ya kichwa. Aliyekwenda kucheza na boma jingine alitengwa mwezi mzima. Lakini mazishi hatukukosa hata moja, mvua iwe au jua, na mtu akinung'unika alijibiwa, "Unataka turudi kwa Marcelino?" Kinywa kikafungwa.

Mzee Bartholomeo alikuwa bado anakuja. Alicheza mstari wa nyuma kama mtu yeyote, na nadhani hilo lilimchoma Mika kuliko angekaa nyumbani akinuna. Jumapili moja ya mwaka wa pili alinyoosha mkono.

"Sajini, mwanangu, nauliza tu. Haya mavuno tunayongoja ni ya shamba gani? Mahindi nimekula mara mbili."

Watu wakacheka. Mika angeweza kuvumilia tusi, lakini kicheko hakukivumilia. Pumzi zilimtoka, koti likampwaya mbele ya watu wote.

"Anayetaka nidhamu ainue mkono!" akapiga kelele.

Mikono ikainuka. Wangu pia.

"Bartholomeo ametoka. Aliyetoka si wetu, akiwa hai wala akiwa maiti. Atakayempigia lipenga naye ametoka."

Sikulala vizuri wiki ile, na sikumwambia mtu.

Juni 1955 baridi ya Mbeya ilimshika mzee kifuani. Nilikwenda kumwona kwa mlango wa uani, kama mwizi. Alikuwa amekonda, mwili ule wote umeisha. Hakunilaumu kwa mkono niliouinua. Aliniuliza jambo moja tu: "Timo, mtanipigia?"

"Tutakupigia, tata," nikasema, nikimwita baba kwa lugha ya kwetu. Sikujua kama nasema uongo.

Alikufa Alhamisi. Ijumaa Mika alitupanga barabarani, hatua thelathini kutoka makaburini, migongo yetu ikiwa kwenye kaburi, nyuso zetu kwake. "Tumekuja kwa heshima," alisema. "Tutasimama hapa. Nataka nione nani ataondoka mstarini."

Jamani, mimi ni fundi. Najua koti likificha kitu. Nilizungusha macho nikaona uvimbe kwenye kwapa la huyu, tumboni kwa yule, kiunoni kwa Sajini-Meja mwenyewe. Karibu kila mtu alikuwa amekuja na kibuyu chake bila kumwambia mwenzake. Na changu kilinibana ubavuni. Hakuna aliyethubutu. Nyuma yetu tulisikia mwalimu wa kanisa akimaliza sala, kisha sauti ya udongo wa kwanza kuanguka juu ya jeneza. Kila koleo ya udongo iliyoanguka iliniambia mimi ni mwongo.

Ndipo koleo zikanyamaza, nikasikia hatua za miguu mitupu. Mama Damari alikuwa ametoka kaburini, amejifunga kanga kiunoni, akaja akasimama nyuma ya mstari wetu. Mama huyu alikuwa ameuza togwa pembeni mwa kwata yetu Jumapili zote hizo. Alivuta pumzi, akatoa sauti ambayo sikujua anayo.

"Boma! Nyuma... geuka!"

Visigino vyote vikalia pamoja. Tukageuka.

Tukaliona kaburi, na udongo uliofika nusu. Tukamwona yeye, machozi yamejaa usoni, ananitazama mimi. Nikachungulia nyuma begani kuona Mika atafanya nini.

Mika naye alikuwa amegeuka. Miaka sita ya jeshi haikumwuliza kitu. Alisimama wima, visigino pamoja, vidole gumba kwenye mshono wa suruali, uso wake umeelekea barabara ya Iringa na mgongo wake kwetu sote.

Ili turudi tulikotoka ilihitajika amri nyingine, na mwenye amri alikuwa hatuoni. Nikatoa kibuyu changu kwapani. Sauti ya kwanza ilitoka kama ya mbuzi. Ya pili ilinyooka. Kisha yakaja yote, na koleo zikaanza tena, na tulimpigia Mzee Bartholomeo mpaka udongo ukawa sawa na ardhi, na baada ya hapo tukampigia zaidi kwa aibu ya miaka yetu. Muda wote ule Mika hakugeuka wala hakuondoka.

Jumatatu alikuja barazani. Alitupa lile koti mezani kwangu.

"Punguza."

Nikachukua utepe. Safari hii alishusha pumzi mwenyewe. Inchi mbili na nusu zilipungua kifuani, nami sikusema kitu, jambo ambalo kwangu si rahisi. Yeye ndiye aliyeuliza.

"Timotheo, kwetu Ilula sina mtu tena. Nikifa hapa, nani atanipigia?"

Ningeweza kumfariji, lakini nilikuwa nimechoka kusema uongo kwa watu ninaowapima. "Sijui, Sajini. Kamuulize Mama Damari."

Alikwenda kweli. Nilimwona akipanda kilima, bila koti, mtu mfupi mwenye viatu vizito. Waliyoongea sijayajua mpaka leo, na si kwamba sikuuliza. Ninachojua ni kwamba alirudi bila filimbi. Mwaka ule, baada ya mavuno, mavuno ya kweli ya mahindi ya kweli, tulichagua Kingi, na Mika alicheza mstari wa nyuma, mahali pa mzee.

Filimbi ile Mama Damari anafukuzia ndege kwenye ulezi wake. Shamba liko juu kidogo ya duka la Harilal. Asubuhi anapoipuliza ndege huruka wote kwa pamoja, na mimi huku chini, niko katikati ya pindo la suruali ya mtu, miguu yangu husimama yenyewe juu ya pedali.