Mikono ya Mama Ilipotulia

Juzi nilimkuta mama, sasa bibi kizee, amesinzia kibarazani kwake kijijini Mlali, ukili wa mkeka umemdondoka. Nikaogopa kama siku ile.

Siku ile, nikiwa mtoto, nilikuwa natoka shule. Siku zote mama alisuka ukili, hata akipanda mlima kwenda shamba la ujamaa. Siku hiyo nikamkuta amelala mchana, jiko linanuka majivu yaliyopoa. Kwa akili yangu, mtu mzima hulala mchana akifa tu. Nikahesabu pumzi zake, nikarudia, nisije nikapunjwa.

“Unanihesabu kama mafungu ya mihogo?” akauliza, macho kayafumba. Kumbe ilikuwa homa.

Miaka yote namwomba apumzike. Lakini juzi nilihesabu pumzi tena, mara mbili, kisha nikamrudishia ukili mkononi. Vidole vikaanza kusuka kabla macho hayajafunguka.