Nilivyojenga sauna ya nje Bagamoyo kwa ujuzi wa bani la tumbaku, na benchi la mninga lililoniumbua

Wakuu, habari za jioni.

Kuna mtu humu aliuliza kama fundi wa kawaida anaweza kujenga sauna ya nje, kile chumba cha kukaa kwenye joto kali, kwenye nyumba ya ufukweni. Anaweza. Mimi nimejenga moja. Nasimulia ilivyokuwa, pamoja na pale nilipochemka.

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Itetemia, Tabora. Shule niliishia darasa la sita. Wazazi walifariki mimi nikiwa mkubwa wa watoto wanne, nikaenda Ntalikwa kuchochea moto kwenye mabani.

Kwa wasiojua, bani ni kijumba cha kukaushia tumbaku. Moto unawaka nje, joto linapita ndani kwa bomba, unalipandisha taratibu kwa siku kadhaa. Ukikosea matundu ya hewa, jani linaharibika. Wadogo zangu wamekula na kusoma kwa joto hilo, kwa hiyo sijawahi kulidharau.

Mteja nitamwita Bwana Nassor. Familia yao ni Waarabu wa Tabora mjini tangu enzi za mababu, ila yeye sasa anaishi Bagamoyo, nyumba inatazama bahari. Alimchukua mama yake, Bi Zuwena, akae naye. Magoti ya mama yanamsumbua, na unyevu wa pwani hapatani nao kabisa. Aliwahi kuingia sauna ya hoteli mara moja, akatoka anasema miguu imekuwa myepesi.

Bwana Nassor akanipigia simu. "Wewe si ulikuwa unachochea mabani? Basi njoo unijengee bani la mama."

Nilicheka, nikakubali, halafu nikaogopa. Mama wa miaka sabini na kitu, ndani ya chumba cha moto nilichojenga mimi!

Tulianza na kuchagua. Zipo za kununua tayari, umbo la pipa, lakini kuzisafirisha ni shughuli. Hita ya umeme tuliiacha kwa sababu hewa ya chumvi inakula kila kitu cha chuma pale. Tukaamua kijumba cha mbao chenye jiko la kuni, mgongo kwenye upepo wa bahari. Kuta za ndani saiprasi. Skrubu zote stenlesi, zisizoshika kutu. Mlango unafunguka kwa nje na hauna komeo, ukiusukuma tu uko nje. Hilo msilifanyie mzaha.

Matundu ya hewa sikumuuliza mtu. Moja chini karibu na jiko, lingine juu upande wa pili. Bani lilishanifundisha.

Mawe ya juu ya jiko, yale ya kutunza joto, wakuu, msiokote ya ufukweni. Matumbawe yakipata moto yanageuka chokaa. Mimi nilichukua mawe meusi mazito upande wa Kwihara, kwetu Tabora, nikayachoma, nikayamwagia maji nikiwa nimesimama mbali. Yaliyopasuka nikayatupa. Yaliyobaki yalijaa magunia mawili, nikayapakia kwenye fuso pamoja na mbao.

Getini nikapokelewa na mlinzi, Kibwana. Yeye ni Mkwere, na Wakwere na sisi Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara. Alipofungua gunia tu akaanza.

"Babu zenu walituletea pembe, wewe unatuletea mawe? Pwani tumewakosea nini?"

"Hiyo mahari, mtani. Nimekuja kuoa kwenu."

"Binti gani wa kuolewa kwa mawe?"

"Wa kwenu. Hamjazoea vikubwa."

Tukaelewana hapohapo. Akawa ndiye anayenisaidia kuni.

Sasa kosa langu. Benchi nilitengeneza kwa mninga. Sisi watu wa Tabora, mtu ukimheshimu unampa kitu cha mninga, iwe kitanda, iwe mlango. Sikuwaza mara mbili. Nilipiga randa na msasa hadi likang'aa.

Siku ya kuwasha, Bi Zuwena aliingia, akatoka baada ya dakika chache. "Mashallah mwanangu, kazi nzuri." Kesho yake hivyohivyo. Bwana Nassor naye akasifu. Nikafunga vifaa, tiketi ya basi mfukoni.

Getini Kibwana akanizuia. "Mtani, unakimbia?"

"Nimemaliza kazi."

"Kazi ipi? Bani lako linakausha makalio ya watu! Bibi wa watu anasimama humo kama anangoja basi. Jana kaniomba nimtafutie ubao wa kukalia."

"Mbona mimi hakuniambia?"

"Akwambie nini, na huo mninga umesafiri nao kama mtoto mchanga? Wale wana adabu zao. Mimi mtani wako."

Nilirudi ndani. Nikawasha moto, nikasubiri joto lipande, nikavua shati na kukaa na kaptula tu.

Wakuu, niliruka.

Mbao nzito inashika joto na kukurudishia lote mwilini. Kuta za saiprasi nilizigusa, hazichomi hivyo. Miaka yote ile nilijua joto linavyolifanya jani, lakini ndani ya bani hakai mtu.

Nikamfuata Bi Zuwena barazani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kumbe hujaondoka?"

"Bibi, benchi linachoma."

"Kidogo."

"Bibi."

Akacheka kwa aibu. "Linachoma sana, baba. Lakini zuri! Nikasema nitalizoea."

Hapo ndipo nilipoumia. Angezoea kuliacha. Baada ya mwezi kile kijumba kingekuwa stoo ya masufuria, na magoti yake yangebaki na unyevu wao.

Safari nikaiahirisha. Nikatafuta saiprasi kavu, nyepesi, isiyo na vifundo. Sikupaka rangi wala vanishi. Skrubu nikazipigia kutoka chini ili mwili usiguse chuma. Siku tatu. Benchi la mninga likahamia barazani, na pale kwa kweli limependeza.

Siku ya nne akaingia. Mimi nje nahesabu dakika. Tano. Nane. Kumi. Uvumilivu ukanishinda, nikafungua mlango kidogo.

"Bibi, uko salama?"

"Funga mlango huo, unanitolea joto!"

Nikafunga, nikakaa chini kwenye mchanga, nimeridhika kuliko siku niliyofungua karakana.

Sidai kwamba sauna inatibu magoti. Yeye anasema analala vizuri, inanitosha. Mwenye presha au tatizo la moyo amwone daktari kwanza.

Nilichojifunza: kitu chochote cha kukaliwa, kikalie mwenyewe kabla hujakikabidhi, katika hali ileile atakayokikuta nayo mtumiaji. Na sifa za mwenye nyumba usizitegemee peke yake, tafuta mtu asiyekuonea haya.

Waliotumia mbao nyingine wanijuze. Na kama kuna kosa jingine mnaliona kwenye ujenzi wangu, nipeni bila kupunguza. Najua watani wangu mko wengi humu.