Nyasi Alizong'oa Nyanya

Asubuhi moja mwezi uliopita niliamka Malvern, mtaa niliokulia, nikatia vitana vyangu vya kusukia, nguo za kubadilisha na blanketi jepesi kwenye begi, nikatoka. Sikuwa na safari yoyote. Ndivyo ninavyoondoka siku zote. Shule niliiacha mapema kwa sababu dirisha la darasa lilitazama barabara, na tangu hapo sijatulia. Nasuka nywele popote penye vichwa, na nikiuzoea mji nahamia mwingine. Pale Jules Street, kwenye robot, ndizo taa za barabarani, dereva wa bakkie, yaani pikapu, iliyopakia viti vya plastiki aliniambia anakwenda kusini, upande wa bwawa la Vaal. Nikapanda.

Tulipofika karibu na maji nikaona geti la kambi ya karavani. Jina lilikuwa limebadilishwa, lakini mikaratusi ilikuwa ileile. Nikamwomba anishushe.

Mlinzi aliniuliza kwa Kiingereza kama nimeweka nafasi. Aliposikia lafudhi yangu alicheka, akahamia Kiswahili cha Kigoma.

"Dada, huku wanalala wenye magari. La kwako liko wapi?"

"Nimelivaa miguuni."

"Haya, pita utazame. Ukikutwa, mimi nilikuwa chooni."

Nikaenda moja kwa moja hadi mahali petu. Siku hizi pana kijumba cha matofali chenye kibaraza na jiko la kuchomea nyama. Nilisimama pale, na niamini, rafiki yangu, harufu ya ndagala wa kukaanga, dagaa wa kwetu, ilinijia puani, ingawa hapakuwa na mtu anayepika.

Baba yangu alikuwa na karakana ndogo Doornfontein. Alishona makochi, na pia yale mahema yanayofungwa ubavuni mwa karavani. Mteja wake mmoja mzee, aliyechoka kuendesha safari ndefu, alimwachia karavani yake kuwa malipo ya kazi nyingi. Baba alirudi nyumbani akitamba kwamba tumepata nyumba ya magurudumu. Mimi usiku ule kitandani nilikwishafika Durban, nikaenda Cape Town, nikarudi kwa kupitia Uvira, kule Kongo walikozaliwa wazazi wangu.

Tulipokwenda kuiona tulikuta magurudumu yamezama ardhini, karavani imeegemezwa juu ya matofali, na vigingi vya hema vimeota kutu. Ilikuwa imesimama pale miaka mingi kuliko umri wangu. Kiwanja chake kilikodishwa kwa msimu. Ukitimiza masharti ya kambi, msimu unaofuata ni wako tena, na wakati wa baridi unafunga mlango na kuiacha palepale. Kwa maneno mengine, hatukupata gari. Tulipata mahali. Nililia njia nzima tuliporudi, na mama akasema afadhali mimi ninalia, yeye hata nafasi ya kulia hana.

Mwaka ule baba alikuwa amemleta nyanya kutoka Uvira, kwa sababu hakubakiwa na mtu kule. Nyanya ndiye mama yake baba. Kwetu ukisema bibi, watu wanadhani unamtaja mke. Tuliishi ghorofa ya tatu, na nyanya hakuweza kulala. Alikaa dirishani akisikiliza honi za taksi na viatu vya watu wa ghorofa ya nne. "Miye si ndege," alimwambia baba. "Munanilalisha juu ya vichwa ya watu." Alianza kupanga vitenge vyake kwenye mfuko. Alisema wazi kwamba akikosa mahali pa kulala atarudi Uvira, hata kama atafia huko peke yake. Baba alimwomba asubiri, akamwomba tena, na mashavu ya nyanya yakazidi kubonyea.

Usiku wa kwanza kwenye karavani alilala mpaka jua lilipotoka. Mlango ulifunguka, ngazi moja, na mguu ukakanyaga ardhi. Nadhani hicho tu ndicho alichokuwa akikitafuta. Nilimkuta baba ameketi kwenye ngazi ile na kikombe chake cha chai, akimsikiliza mama yake akikoroma ndani, na uso wake ulikuwa umelainika namna ambayo sijapata kuuona tena.

Basi tukawa watu wa bwawa. Kila Ijumaa jioni tulipakia masufuria, unga, sombe ya majani ya muhogo iliyokwisha kutwangwa na ndagala kwenye gari la baba, tukaondoka. Nakumbuka kelele za hadida alfajiri, wale ndege wanaolia kama wameibiwa. Nakumbuka kuchota maji kwa ndoo kwenye bomba la pamoja, na kuanika magodoro kila msimu ulipofunguliwa, kwa sababu baridi yote panya walikuwa wamezaliana humo ndani. Nyanya hakuwaonea kinyongo. Alisema na wao wanatafuta mahali.

Mama hakuipenda karavani, na sasa ninapofikiri hakuwa na makosa. Wiki nzima alisimama saluni akisuka watu, kisha Jumamosi akasimama kwenye jiko la gesi lenye moto mmoja. Alikosa mazoezi ya kwaya. "Tuna nyumba mbili za kufagia," alisema, "na hakuna hata moja ninayokaa." Baba alijibu kwamba wenzetu kila likizo wanavuta karavani zao, wanahangaika kutafuta nafasi, wanafunga hema kwenye mvua, na sisi tunafika tu na kuweka sufuria motoni. Pia alisema kwamba kule mtoto anazungumza Kiswahili, kwa sababu hakuna televisheni na nyanya hajui lugha nyingine. Hilo lilikuwa kweli. Malvern nilimjibu nyanya kwa Kiingereza. Bwawani nilimjibu kwa lugha yake.

Mimi lalamiko langu lilikuwa moja. Tulikwenda palepale. Niliwajua mpaka bata wa pale.

Kiwanja cha pili, kilichopakana na chetu, kilikuwa cha mwanamke mzee, Mzungu wa Kiafrikana, mjane, tuliyemwita tannie, kama watoto wote wa kambi walivyomwita. Ni shangazi kwa Kiafrikana. Nyasi zake zilikuwa fahari ya kambi nzima. Alizimwagilia jioni, akazikata ukingo kwa mkasi akiwa amepiga magoti juu ya takia dogo. Nyanya alimtazama kwa huruma. "Masikini yule mama," aliniambia. "Analima majani. Hapana maharagi, hapana muhogo. Majani tu."

Likizo moja wazazi walituacha mimi na nyanya bwawani wiki nzima. Kwetu, mwenzangu, nyasi zikifika mlangoni watu wanajua mwenye nyumba ni mgonjwa au ni mvivu, na nyoka nao wanajua. Ua mzuri ni udongo mtupu uliofagiwa. Nyanya alizivumilia nyasi za kiwanja chetu siku zote kwa sababu alikuwa mgeni. Wiki ile aliacha kuwa mgeni. Alichukua jembe dogo alilolinunua kwenye duka la njiani, akaanza mlangoni, na kila siku akasogea. Mimi nilizoa nyasi na kuzitupa. Ilipofika Ijumaa kiwanja chetu kilikuwa chekundu na safi, na mistari ya ufagio ilipita juu yake kama mistari ya kichwa kilichosukwa vizuri. Nyanya alikaa kwenye ngazi akanyoosha miguu. Tannie alisimama kwenye kiwanja chake na mpira wa maji mkononi. Maji yakaendelea kumwagika mahali pamoja.

Msimamizi wa kambi alikuja na kigari chake cha umeme. Alikuwa mwanamume mnene mwenye sauti ya taratibu. Alishuka, akazunguka kiwanja chote, akaniuliza nyasi zake ziko wapi. Nikamtafsiria nyanya.

"Mwambie nimemusafishia," alisema nyanya. "Hapana kunishukuru."

Nilitafsiri hivyohivyo. Msimamizi aliivua kofia yake akaivaa tena. Alimngoja baba, na baba alipofika akamwambia bila ukali kwamba sharti la kwanza la kambi ni kutunza nyasi, na kwamba wapo watu wengi wanaokingojea kiwanja kama hiki. Nyasi zisipokuwa zimeota kabla ya sikukuu za Krismasi, kiwanja kitapewa mwingine.

Nyanya hakuhitaji kutafsiriwa uso wa baba. Jumapili tuliporudi mjini alikaa nyuma pamoja nami, na alipofika nyumbani akautoa ule mfuko wa vitenge chini ya kitanda.

Usiku ule mama, aliyekuwa na kila sababu ya kufurahi kwamba karavani inaondoka, alimwona nyanya dirishani. Alirudi jikoni akamwambia baba, "Papa wa batoto, tafuta majani."

Jumamosi iliyofuata tulikwenda na watu wa kanisa. Mmoja alikuwa Mkenya wa benki, mwenye gari kubwa na viatu visivyofaa kazi ile. Baba alikuwa amepanga kununua nyasi za kuviringishwa kama zulia, lakini tulipofika tulimkuta tannie amekwishaanza. Alikuwa amechukua sepetu na kukata kipande kirefu katikati ya nyasi zake mwenyewe, zile alizozikata kwa mkasi, na vikonyo vyake vilikuwa vimerundikwa mpakani kwa ajili yetu. Pale alipokata palibaki kovu jekundu. Mama alimshika tannie mkono kwa mikono yake miwili, na wote wawili wakatazama chini.

Mkenya aliuliza nyasi hizo zinaitwaje. Tannie akamwambia ni kikuyu, ndilo jina lake huku, zililetwa kutoka Kenya. Mkenya alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. "Kumbe hata ndugu zangu hawa walikuja huku kutafuta kazi," alisema. "Na bado wanakanyagwa."

Nyanya aliokota kikonyo kimoja, akakigeuza, akakiona kina vifundo na vijimizizi. Uso wake ukafunguka. Kitu kile alikijua. Hupandwa kama viazi vitamu. Akatufukuza sote, akapiga matuta. Matuta halisi, rafiki yangu, marefu na ya juu, kutoka hema mpaka njiani, na akachomeka vikonyo juu yake kwa kuinamisha kama alivyofundishwa na mama yake. Baba alijaribu kumwambia kwamba nyasi hupandwa sawasawa. Nyanya akamuuliza ni nani kati yao wawili aliyekula viazi vya nani. Tannie aliyatazama matuta yale yote. Kisha akaingia ndani ya hema lake akatoka na turubai la matundu, lile linalotandikwa chini, akalitandaza mbele ya mlango wetu na kunionyesha kwamba hilo kambi inaliruhusu. Chini ya turubai hakuna nyasi inayodaiwa. Nyanya alilijaribu kwa ufagio. Likafagika.

Mvua za Novemba ziliyakuta matuta yale tayari. Msimamizi aliporudi, kiwanja chetu kilikuwa kijani kabisa, chenye mawimbi kama bwawa lenyewe siku ya upepo. "Sijui hiki ni nini," aliniambia, "lakini ni nyasi." Akaondoka na kigari chake, na mashine ya kukata nyasi ilipopita kwetu iliruka na kulia miaka yote.

Nyanya hakurudi Uvira. Alikaa nasi misimu mingi. Yeye na tannie walikaa jioni kwenye lile turubai, kila mmoja akisema lugha yake, wakichovya biskuti ngumu kwenye kahawa, na sikumbuki kama niliwahi kuitwa kutafsiri. Siku moja kanisani mama mmoja aliyetoka tu Kongo alimuuliza nyanya kwao ni wapi. Nilingoja ataje kijiji chake, kama alivyofanya siku zote. "Karibu ya maji," alisema. "Nyumba ya pili toka kwa tannie."

Alifariki baridi moja, karavani ikiwa imefungwa. Baadaye kambi iliuzwa na viwanja vya msimu vikaondolewa. Watu walikuja kuvuta karavani yetu, na kwa mara ya kwanza nikaiona ikitembea, jambo nililoliota utoto wangu wote. Iliyumba, ikalia, ikapita getini. Nilitamani kuwaambia waisimamishe.

Nimeishi kinyume cha baba. Sina kiwanja, sina masharti ya mtu, hakuna anayeniambia nipande upya nilichong'oa. Kila mwaka ninaona maji mapya. Sijutii, na nisingekudanganya. Lakini mwenye mahali pake pamoja ana watu wanaoujua mwendo wake, na akichelewa kufika wanatoka kutazama njia. Hilo halipakiwi kwenye begi.

Nilimuaga mlinzi wa Kigoma, nikapata lifti nyingine hadi mji mdogo ng'ambo ya Mto Vaal, ambao sikuwa nimewahi kuukanyaga. Mwenye spaza, kiduka cha mtaani, alinielekeza kwa mwanamke wa Kisotho anayekodisha chumba uani. Alinionyesha kitanda, bomba na choo, akanipa ufunguo. Nikamwambia naenda kutembea nione mji. Alinitazama kutoka kichwani mpaka kwenye begi.

"Nisipokuona mpaka lini ndiyo nianze kukutafuta?" aliuliza.

Ni swali ambalo sikuwa nimeulizwa kwa miaka mingi. Nikamwambia jua likizama. Nikauzunguka mji, nikaona kanisa, saluni mbili na daraja, na kulikuwa na barabara moja iliyopanda kilimani ambayo siku nyingine ningeifuata mpaka mwisho. Nikageuka. Nilipofika uani jua lilikuwa bado halijazama.