Msumari Ubavuni mwa Tairi

Mwanangu, kuna asubuhi moja ambayo sijaisahau hata leo. Nilikuwa dereva kijana, nimepewa gari la kumpeleka marehemu jirani yetu wa mtaa wa Mashimoni jijini akazikwe kwao magharibi mwa nchi. Jeneza lilikaa katikati, waombolezaji pande zote, watoto wamepakatwa. Wazee wa kijijini walikuwa wamepiga simu: mwili ufike kabla jua halijazama, ndiyo desturi yao.

Tulisimama mtaani Kawangware kumchukua dada wa marehemu. Wote walimwita Senge, yaani shangazi kwa Kiluhya. Hapo ndipo nilipoona kichwa cha msumari kwenye tairi la nyuma. Nikatia mate kidoleni, nikapaka. Povu likachemka: upepo ulikuwa unavuja. Msumari ungekuwa katikati, pale panapokanyaga lami, ningeziba tukaenda. Lakini ulikuwa ubavuni, na ubavu hujikunja kila tairi likizunguka. Kiraka hakidumu hapo. Spea nayo ilikuwa kipara.

Upepo ulitoka polepole mno. Labda lingefika. Labda hiyo, mwanangu, ndiyo iliyonitoa jasho, maana mbele yetu kulikuwa na mteremko wa Bonde la Ufa. Niliogopa kusema, nikaogopa na kunyamaza.

"Dere, twende! Jua haitungoji!" mzee mmoja akafoka kutoka ndani.

Senge alikuwa bado chini, mkoba mkononi. "Mbona unazunguka hiyo tairi kama kuku inatafuta pa kutaga? Umeona nini?"

Nikamwonyesha. "Pengine itafika, Senge."

"Na isipofika?"

Nikageuka kuwatazama watoto waliopakatwa ndani.

"Kumbe unajua! Ulikuwa unangoja nani aseme? Shukeni wote!"

Walishuka wakinung'unika. Kutafuta tairi la kipimo chetu kulimaliza asubuhi nzima, nasi tukaingia kijijini giza limeshatanda. Wazee walikuwa langoni, wamenuna, wanatafuta wa kumlaumu. Mimi nikajikunyata nyuma ya usukani. Senge akashuka.

"Nimewaletea mwili mmoja," akawaambia. "Mlitaka niwaletee mingapi?"

Wakafungua lango.

Basi mwanangu, usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini zipo nyufa zisizozibika, na hizo usizipake rangi. Ukiona hatari iseme, hata kama sauti inatetemeka, hata kama wakubwa wana haraka. Usingoje kuulizwa, kwani si kila safari ina Senge. Mungu akulinde barabarani, akufikishe salama, hata ukichelewa.